Ubao, Kofia na Saratani ya Ngozi

Ifikapo tarehe 13 Juni kila mwaka, siku ambayo tangu mwaka 2015 huadhimishwa duniani kuwa siku ya kuelimisha umma juu ya ualbino, hotuba husomwa, kofia hugawiwa, na chupa za mafuta ya kukinga jua hukabidhiwa mbele ya wapiga picha. Ni jambo jema, wala hapana sababu ya kulibeza. Lakini asubuhi ya tarehe 14 mtoto yule yule aliyevishwa kofia hurudi darasani, akaketi dawati la nyuma karibu na dirisha, asiweze kusoma kilichoandikwa ubaoni. Kengele ya mapumziko igongwapo, kofia huachwa ndani ya dawati kwa kuwa haimo katika orodha ya sare. Saratani ambayo huenda ikamuua akiwa na umri wa miaka thelathini imekwisha kuanza safari yake, na imeanzia hapo.

Saratani ya ngozi huelezwa kwa kawaida kuwa ni ugonjwa wa jua. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayajakamilika. Jua huwaka juu ya wote. Anayepigwa nalo mchana kutwa ni yule asiyepata kazi ya kivulini. Mtu mwenye ualbino aliye karani, mwalimu, mwanasheria au fundi cherehani aweza kuishi hadi akaona wajukuu. Mwenzake anayelima vibarua, au anayeuza machungwa kando ya barabara, huanza kuuguza vidonda vya masikio na shingo kabla ya kufika umri wa makamo. Wote wawili walizaliwa na ngozi ya namna moja. Kilichowatenga, mara nyingi, ni cheti cha shule.

Yapasa kwanza kuyatazama macho. Melanini, ile rangi ya ngozi na nywele, huhitajika pia ndani ya jicho linapoumbwa tumboni mwa mama. Inapokosekana, sehemu ya retina inayotumika kusomea haikamiliki, na nyuzi za neva zitokazo jichoni kwenda ubongoni hazigawanyiki kwa utaratibu wake wa kawaida. Ndiyo maana mboni za macho ya mtoto mwenye ualbino huchezacheza bila ya yeye kutaka, na mwanga mkali humuumiza. Miwani husaidia kwa kiasi tu, maana kasoro haiko kwenye lenzi peke yake. Kwa umbali wa madawati matano, maandishi ya chaki huwa kwake ni ukungu mweupe juu ya ubao mweusi.

Mwalimu asiyelijua jambo hili humwona mwanafunzi huyo kuwa ni mzito wa kufahamu. Mwanafunzi naye hunakili kutoka daftari la jirani, na jirani akichoka, huacha kunakili. Huanguka mtihani, huondoka shuleni, na kwa kuwa hana cheti hushika jembe. Kila hatua ya mlolongo huo huonekana kuwa ya kawaida, na hakuna mtu yeyote ndani yake aliyekusudia kumdhuru mtoto. Hata hivyo, mwisho wake ni wodi ya saratani. Hospitalini daktari hulitaja jua kuwa ndilo chanzo. Ni nadra kwa mtu kuuliza mgonjwa alikuwa akiketi wapi alipokuwa darasa la tatu.

Ama kuhusu jua lenyewe, liko jambo moja ambalo walimu wa fizikia na jiografia wangeweza kuwafaa sana wanafunzi wao kwa kulifundisha vizuri: joto la jua silo linaloiharibu ngozi. Kinachoiharibu ni mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala ngozi haiihisi inapoingia. Mionzi hiyo imegawanywa katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake. Fungu la mawimbi mafupi kabisa humezwa lote na hewa ya juu, hasa tabaka la ozoni. Fungu la kati, lenye mawimbi ya kati ya nanometa 280 na 315, hupunguzwa sana lakini haliishi, nalo ndilo kali zaidi kwa ngozi. Fungu la mawimbi marefu, la hadi nanometa 400, hupita karibu lote. Katika nchi za tropiki jua huwa karibu na utosi, kwa hiyo mionzi hupita katika hewa kwa njia fupi. Tena ozoni juu ya tropiki ni chembamba kuliko juu ya nchi za mbali na ikweta. Katika kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, watu hushauriwa kujikinga kuanzia namba 3, na namba 11 huhesabiwa kuwa hatari iliyopita kiasi. Karibu na ikweta, mchana wa jua kali, namba hiyo ya 11 hufikiwa na kupitwa mara kwa mara.

Kwa kuwa joto na urujuanimno ni vitu viwili, baridi huwadanganya watu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake huvaa makoti mwezi Julai. Lakini kwa kila mita 1,000 za mwinuko, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtoto mwenye ualbino anayeota jua la asubuhi ukutani ili kupasha mwili moto huko Njombe au Mbeya, akaendelea kuota hadi saa tano, huunguzwa akiwa anatetemeka. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mchanga wa pwani huirudisha kiasi cha asilimia 15 kutoka chini, ikampata hata aliyeketi chini ya mwavuli.

Vitabu vingi, vikifuata mazoea ya nchi nyingine, hushauri watu wajihadhari na jua tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Saa ya ukutani si kipimo kizuri cha jua. Dar es Salaam na Kigoma hutumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na kwa hiyo jua la adhuhuri hufika huko dakika zipatazo 40 baadaye. Kipimo bora hakigharimu kitu. Kijiti cha urefu wa mita moja kikisimamishwa wima uwanjani, kivuli chake hulingana nacho kwa urefu pale jua linapokuwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kijiti, mionzi ni mikali. Jijini Dar es Salaam, ambako jua hupita utosini siku za mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hali hiyo katika siku hizo huanza takriban saa tatu na nusu asubuhi na kuendelea hadi karibu saa tisa na nusu alasiri. Lugha ya Kiswahili yenyewe imelirahisisha somo hili, kwa kuwa kivuli cha kijiti na kivuli cha mwembe ni neno moja: cha kwanza kinapopungua ndipo cha pili kinapohitajika. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waweza kuchora grafu ya kivuli hicho kwa siku moja tu, na shule ikapata jedwali lake yenyewe badala ya kuazima la mahali pengine.

Mionzi hiyo ifikapo ndani ya seli ya ngozi huigonga DNA na kuviunganisha viungo vyake vilivyo jirani visivyopaswa kuungana. Seli hujitengeneza, lakini marekebisho hukosewa mara kwa mara, na makosa hujilimbikiza mwaka hata mwaka. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, melanini hutanda juu ya kiini cha seli mfano wa mwavuli. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1979 uliona kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilikinga kiasi cha mafuta ya kipimo cha 13, ilhali la ngozi nyeupe lilikinga kiasi cha 3 hivi. Mtu mwenye ualbino anazo seli zinazotengeneza rangi, tena kwa hesabu ya kawaida. Kinachokosekana ni rangi yenyewe. Katika Afrika kusini ya Sahara sababu iliyo ya kawaida ni kasoro ya jeni moja katika kromosomu ya 15. Inashangaza, kwa kupitisha tu, kwamba wako watu waliozaliwa na mwavuli huo mzima ambao huununulia sumu ya kuubomoa, kwa kujipaka vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni ambavyo sheria za Tanzania zimevipiga marufuku.

Haifai, hata hivyo, kuwatisha wanafunzi wote kwa jua. Mwenye ngozi nyeusi hupata saratani ya ngozi kwa nadra, na ile hatari zaidi, melanoma, akiipata humtokea aghalabu kwenye wayo, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina neno. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Mtu wa namna hiyo hafaidiki na mafuta ya kukinga jua. Hufaidika kwa kutazama nyayo zake, na kwa kutopuuza doa jeusi linalokua. Matangazo yaliyotungwa kwa ajili ya watu weupe wanaoota jua ufukweni hayawezi kubandikwa ukutani mwa shule ya Shinyanga kama yalivyo.

Kwa watu wenye ualbino saratani iliyo ya kawaida ni ile ya seli bapa, na hushika zaidi kichwa na shingo. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino waliohudumiwa Dar es Salaam. Madhara ya jua yalionekana tangu utoto mchanga, na saratani zilizokomaa zilikuwa nyingi kwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Baina ya nyakati hizo mbili mtoto yuko shuleni. Akisimama juani saa moja tu ya mchana kila siku ya masomo, kwa siku 190 za mwaka na kwa miaka 11, atakuwa amekusanya zaidi ya saa 2,000 za jua kali kabla ya kuanza maisha ya utu uzima. Hakuna taasisi nyingine nchini inayoyatawala masaa mengi namna hiyo ya mtoto, na kwa hiyo hakuna nyingine iwezayo kumwondolea.

Dalili za mwanzo hazihitaji daktari kuzitambua. Baka kavu linalokwaruza kama msasa, mdomo wa chini unaopasuka na kutofunga, kidonda kisichopona kwa wiki nne: hivyo vyatosha kumpeleka mwanafunzi kliniki. Mabaka ya namna hiyo huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya maji katika dakika chache, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yakiachwa yakawa saratani iliyozama, matibabu huwa ni kisu na mionzi, kwa miezi, mbali na kwao. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalistahili kilio chote kilichopigwa. Jua huua kimya, na halina wa kushtakiwa mahakamani.

Pengine itasemwa kwamba jambo hili ni la watoto wachache, na kwamba shule ina wanafunzi mia nane wa kufikiriwa. Hesabu ya biolojia haiungi mkono hoja hiyo. Makadirio ya Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400. Ualbino hutokea mtoto anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila uzazi una nafasi moja katika nne. Mwanafunzi wa kidato cha nne akikokotoa kwa kanuni ya Hardy na Weinberg ataona kwamba, kwa kiwango hicho, karibu mtu mmoja katika kila 19 ni mbebaji bila ya kujua. Katika darasa la wanafunzi 40 ni wawili hivi. Mtoto anayekosa kofia leo huenda ni binamu wa yule anayemcheka, au mtoto wa kesho wa yule anayeandika kanuni za sare.

Kanuni hizo ndizo zinazostahili kuulizwa kwa ukali zaidi. Uko utaratibu, uliorithiwa na ambao hakuna anayekumbuka sababu yake, wa kumtaka mwanafunzi avue kofia awapo katika eneo la shule. Australia, nchi ambayo wengi wa wakazi wake ni wazao wa Wazungu na ambayo imo katika zile zinazoongoza duniani kwa melanoma, ilifuata njia nyingine. Jimbo la Victoria lilianza kampeni kubwa mwaka 1981, na baadaye shule nyingi za nchi hiyo ziliweka sheria kwamba mtoto asiye na kofia hachezi uwanjani, bali hukaa kivulini. Huko kofia ni sharti la kutoka nje. Hapa katika baadhi ya shule ni utovu wa nidhamu. Wala haitoshi kumruhusu mtoto mmoja peke yake, maana kofia inayovaliwa na mmoja katika mia nane humtenga, naye ataivua mwenyewe kwa aibu. Yafaa iruhusiwe kwa wote. Kapelo haifai, kwa kuwa huyaacha wazi masikio na kisogo, yaani mahali hasa panaposhambuliwa. Inayofaa ni yenye ukingo mpana pande zote, wa sentimita saba au zaidi. Kofia za ukili zinazosukwa pwani kwa makuti ya mkindu hutimiza sharti hilo iwapo ususi wake umebana, na hakuna haja ya kuagiza nyingine ng'ambo.

Kazi za shamba la shule, urithi wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hazina budi ziendelee, na mwanafunzi mwenye ualbino asiondolewe katika kufanya kazi, kwani kusamehewa kazi ni kutengwa kwa njia ya upole. Apewe kitalu cha miche chini ya kivuli, ghala, daftari la mavuno, au zamu ya alfajiri. Adhabu ya kupiga magoti juani, ambayo haina sifa yoyote kwa mtoto yeyote, kwa mtoto huyu ni kipimo cha sumu kinachotolewa na mwalimu kwa mkono wake mwenyewe.

Na mafuta je? Kazi nzuri imefanyika hapa nchini. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, palianzishwa katika miaka ya 2010 utengenezaji wa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Mafuta ya kipimo cha 30 hupitisha sehemu moja katika thelathini ya mionzi inayounguza, yaani takriban asilimia 3, mradi yapakwe kwa wingi unaotakiwa na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Uso, shingo na masikio pekee huhitaji kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Kwa mipako mitatu kwa siku, chupa ya mililita 120 huisha siku ya nane. Mzazi mkulima huipunguza dozi ili ifike mwisho wa mwezi, na kinga hupungua pamoja nayo. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kisichoonyesha mwanga kikishikwa kuelekea dirishani, hukinga mikono yote miwili mwaka mzima bila kurudiwa. Mafuta yafaa yahesabiwe kuwa dawa na yatolewe kama dawa, si kama kipodozi. Lakini yatumike pale tu nguo na kofia zisipofika. Mafuta ya mgando ya kawaida, ambayo wazazi wengi huyapaka kwa nia njema, hayakingi jua hata kidogo.

Yote haya hayangoji waraka kutoka wizarani. Mwalimu wa darasa, siku ya kwanza ya muhula, huchora mpango wa kuketi. Mwanafunzi mwenye ualbino akae dawati la mbele, katikati, dirisha likiwa nyuma yake; aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao wakati wowote bila ya kuomba; maandishi yawe makubwa, na mwalimu ayasome kwa sauti kadiri anavyoyaandika. Karatasi yake ya mtihani ichapwe kwa herufi kubwa, na muda uongezwe. Mwisho wa kipindi cha kwanza mwalimu alitazame daftari lake, aone kama kilichoandikwa ubaoni kimefika.